Pikipiki ya umeme ya kuendea kazini: maswali ninayoulizwa kila wiki

Nakaa Kikuyu, kazi yangu iko Upper Hill, Nairobi. Kwenda na kurudi ni kilomita 40 kwa siku, nyingi zikiwa kwenye Waiyaki Way. Pikipiki yangu ya umeme ina miezi 19 sasa na imepita kilomita 19,000. Sibebi abiria wa kulipa na sipeleki mizigo ya watu, kwa hiyo mengi hapa yanamhusu anayeenda kazini na kurudi nyumbani. Mwenye boda ana hesabu yake, nitaigusa kidogo. Siuzi pikipiki, na aina ya yangu sitaitaja.

Kwa mwezi inakula pesa ngapi?

Nitaanza na ya petroli ili tuwe na cha kulinganisha. Natembea kama kilomita 1,000 kwa mwezi ukijumlisha za wikendi. Boxer 150 niliyokuwa nayo ilinipa kilomita 45 kwa lita nikiiendesha kwa adabu. Hizo ni lita 22 na kidogo, na kwa shilingi 180 kwa lita, ni shilingi 4,000. Bei ya petroli hubadilika kila tarehe 14 EPRA, mamlaka ya kawi, ikitangaza, kwa hiyo weka yako. Oktoba 2023 hapa Nairobi ilifika 217.36, na mwezi kama huo hesabu ya umeme huwa tamu zaidi.

Ya umeme sasa. Yangu hutumia wati-saa 36 kwa kilomita, yaani kilowati-saa 36 kwa mwezi. Lakini si stima yote inayotoka ukutani inayoingia kwenye betri. Chaja hupata joto, na joto hilo umelilipia. Nilipofunga kimita kidogo kwenye soketi niligundua kwamba mita yangu husoma karibu uniti 41 (uniti moja ni kilowati-saa moja). Kwa bei ninayolipa mimi, shilingi 29 na ushee kwa uniti baada ya kodi na tozo zote, ni kama shilingi 1,200.

Hapo ndipo wauzaji hufunga daftari. Mimi nina mambo mawili zaidi.

Yapi hayo? Mbona hesabu yako ni kubwa kuliko ya dukani?

La kwanza liko kwenye tokeni. Wateja wa nyumbani wa Kenya Power hupangwa kwa matumizi yao: wasiozidi uniti 30 kwa mwezi, walio kati ya 30 na 100, na waliopita 100. Hutazamwa wastani wa miezi mitatu. Nyumba yetu ilikuwa inakula uniti 72. Pikipiki ilipoongeza 41, tukavuka 100. Mwezi wa nne nikanunua tokeni ya elfu moja kama kawaida, ikaleta uniti 34 badala ya 39. Nilidhani mashine imekosea. Kumbe uniti zote zimepanda bei, hata zile za friji, pasi na taa zilizokuwepo kabla sijanunua pikipiki. Nyongeza hiyo kwa zile 72 za zamani ni kama shilingi 270, na ni haki iandikwe kwa jina la pikipiki. Jumla ya stima basi ni karibu 1,480.

Kama nyumba yako tayari iko juu ya 100, jambo hili halikuhusu. Kama uko 40 au 50, huenda pikipiki isikuvushe. Angalia risiti zako za tokeni za miezi mitatu kabla ya kununua. Ni kazi ya dakika tano.

La pili ni betri. Siku moja itachoka, na mpya si bei ya tairi. Mimi huweka shilingi 1,000 kila mwezi kwenye akaunti ya chama nisiyoigusa. Nikiifikisha miaka minane nitakuwa na 96,000, na natumaini hizo zitatosha. Anayekuambia stima ni bei ya karanga hajaweka betri kwenye hesabu.

Kwa hiyo: petroli 4,000 dhidi ya stima 1,480, tofauti ni 2,520. Ongeza 500 ninazookoa kwa kutobadilisha oili, plagi, filta na nyaya za klachi, inakuwa 3,020. Toa elfu ya betri. Faida halisi ni kama 2,000 kwa mwezi.

Yangu niliinunua 245,000 pamoja na betri. Boxer mpya wakati huo ilikuwa 195,000. Zile 50,000 za juu zitarudi baada ya miezi 25, na mimi niko wa 19, kwa hiyo bado sijarudisha.

Mtu anayetembea kidogo je?

Kama ofisi yako iko kilomita nne na wikendi hutoki, unaokoa shilingi mia chache tu kwa mwezi, na hizo 50,000 zitachukua miaka mingi. Nunua kwa sababu nyingine ukitaka: ulaini, utulivu, au kuchoka na foleni ya mafuta. Pesa hapo hamna. Mwenye boda anayepiga kilomita 100 na zaidi kila siku yuko upande wa pili kabisa, maana kila kilomita ni akiba, na ndiyo maana kampuni zote zimemkimbilia yeye kwanza.

Si kuna bei nafuu ya umeme kwa magari ya umeme?

Ipo tangu Aprili 2023: shilingi 16 kwa uniti saa za kawaida na 8 saa za usiku, kabla ya kodi na tozo. Lakini imewekewa matumizi ya kuanzia uniti 200 hadi 15,000 kwa mwezi, kwenye mita yake yenyewe. Mimi natumia 41. Hiyo ni bei ya mwenye kituo, mwenye mabasi, au ploti ambayo wapangaji watano sita wameungana. Mtu mmoja na pikipiki yake hafiki.

Chaji moja inafika wapi?

Betri yangu ni ya kilowati-saa 3, kwa hiyo kwenye karatasi ni kilomita 83. Lakini kilomita hazilingani.

Kikuyu iko juu kuliko Upper Hill kwa mita 300 hivi. Asubuhi nateremka: Kinoo, Uthiru, Kangemi, Westlands. Nikiachia aksileta kwenye mteremko, mota hugeuka jenereta na kurudisha chaji kidogo. Nafika kazini nikiwa nimetumia asilimia 18. Jioni barabara ni ile ile, mtu ni yule yule, ila sasa napanda. Natumia 30. Wiki ya kwanza nilipiga hesabu kijinga: nikaenda na 18, basi kurudi ni 18. Siku ya tatu nilitoka nyumbani na 52 kwa sababu stima ilipotea usiku. Mchana nikapita Industrial Area kwa shughuli, jioni nikapanda na 27. Pale Kinoo skrini ilisoma 4, pikipiki ikaanza kutambaa kama mtu aliyebeba gunia, na mita mia chache mbele ikasimama. Nilisukuma mpaka kwenye kibanda cha mama mmoja anayeuza mayai ya kuchemsha, akaniruhusu kuchomeka chaja kwa nusu saa. Alikataa pesa ya stima, nikanunua mayai sita.

Mambo mengine yanayokula chaji: ukibeba mtu nyuma, ile 30 ya jioni inakuwa 36 hivi. Ukienda kilomita 80 kwa saa badala ya 55, inakaribia asilimia 40. Upepo ndio unaokula hapo, kwa sababu pikipiki haina umbo la kuukata na wewe mwenyewe umekaa wima kama ubao. Matairi yenye upepo mdogo nayo huiba. Pima kila Jumatatu.

Mlima inauweza?

Vizuri kuliko nilivyotarajia. Mota ya umeme hutoa nguvu yake ya kuzunguka tangu magurudumu yanapoanza kusogea, huna haja ya kutafuta gia. Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii: injini ya petroli inahitaji hewa, na kadiri unavyopanda hewa inapungua. Kwa kawaida hupoteza takriban asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100. Huku tuliko, juu ya mita 1,700, injini iliyokuwa na nguvu zake zote Mombasa imeshapungukiwa na zaidi ya moja ya sita. Mota ya umeme haina habari na hewa.

Nakaa ghorofa ya nne. Nitachaji wapi?

Hili ndilo swali kubwa, kubwa kuliko bei. Nikiulizwa "ninunue au nisinunue", nami huuliza kwanza: unalala karibu na soketi?

Kama betri yako inatoka, unaweza kuibeba hadi nyumbani. Za ukubwa huu huwa na uzito wa kilo 20 hadi 30 kutegemea aina. Beba mtungi wa gesi wa kilo 13 uliojaa, ambao na chuma chake unakaribia uzito huo, upandishe ghorofa nne mara moja. Sasa fikiria ukifanya hivyo kila jioni, na asubuhi ukiushusha ukiwa na suti.

Kama mna maegesho chini, zungumza na mwenye nyumba mapema. Mimi sikuzungumza. Nilivuta waya kutoka dirishani, na siku ya pili keateka akanisubiri getini: "Bosi, hiyo kitu yako inakunywa tokeni ya nani?" Nikamwonyesha waya unapotoka ni kwangu. Akauliza tena, "Na mvua ikinyeshea huo waya, nitamwambia nini mwenye ploti?" Alikuwa na haki. Tulimaliza kwa fundi wa stima mwenye leseni kuweka soketi ya nje yenye kifuniko, kutoka mita yangu, na swichi ya kukata umeme unapovuja. Iligharimu 6,500. Sikuiingiza kwenye hesabu ya juu, na labda ningepaswa.

Chaja yenyewe si mzigo. Yangu huvuta wati 650 hivi, chini ya pasi nyingi. Kujaza nusu ya betri ni saa mbili na nusu, huku umelala.

Na vituo vya kubadilisha betri?

Unaingia na betri iliyoisha, unatoka na iliyojaa, dakika chache tu. Kampuni za Spiro na Ampersand zimejenga biashara yao juu ya mtindo huu. Ampersand ilianzia Kigali kabla ya kuja Nairobi. Betri huwa si yako, ni ya kampuni, na hilo lina uzuri wake: pikipiki huwa rahisi kununua, na betri ikichoka si kilio chako. Kwa boda ambaye dakika ya kusimama ni pesa iliyopotea, ni jambo la maana sana.

Kwa mwenda kazini naona halifai sana. Kila unapobadilisha unalipia stima, betri, kituo na kijana anayekuhudumia, kwa hiyo kilomita inakuwa ghali kuliko ya soketi ya nyumbani. Pia umefungwa kwa kampuni moja, kwa sababu betri ya huyu haiingii kwenye pikipiki ya yule. Ukihamia mji ambao hawana kituo, umebaki na baiskeli nzito isiyo na pedali.

Betri hudumu muda gani?

Uliza imetengenezwa kwa kemia gani. Zile za lithiamu na fosfati ya chuma, ambazo kwenye karatasi huandikwa LFP, huhimili mizunguko 2,000 au zaidi kabla ya uwezo kushuka hadi asilimia 80. Zile za nikeli, manganizi na kobalti ni nyepesi na hubeba zaidi kwa kilo, lakini kwa kawaida maisha yake ni mafupi.

Mzunguko mmoja ni chaji kamili moja kwa jumla, si kila unapochomeka. Ukitumia nusu leo ukajaza, kesho nusu ukajaza, huo ni mmoja. Mimi natumia kama 12 kwa mwezi, 144 kwa mwaka. Kwa hesabu hiyo ningefika miaka 13, ila betri huzeeka hata ikikaa bure, ndiyo maana nimejiwekea minane.

Inayoiua haraka ni joto na kukaa imejaa pomoni au imekauka kabisa. Ukifika nyumbani iache ipoe nusu saa kabla ya kuchaji. Ukisafiri wiki mbili, iache kwenye asilimia 50 hadi 60, mahali penye kivuli.

Stima ikipotea usiku?

Unachelewa kama wengine, au unapanda matatu. Dawa yangu ni kutosubiri iishe: nachaji kila jioni, ili asubuhi nikiikuta 52 iwe ni bahati mbaya ya siku moja. Kwa 52 nafika na kurudi kwa shida, mradi nisipite Industrial Area.

Mvua je? Huku kwetu mwezi wa nne ni maji tu.

Naendesha kwenye mvua. Mota na betri zimezibwa. Ila kuzibwa si kuogelea: maji yakifika katikati ya gurudumu, geuza. Mwenye kuosha pikipiki mwambie asielekeze pampu ya presha kwenye viungio vya nyaya na kwenye tundu la chaja. Yangu iliwahi kukataa kuchaji asubuhi moja baada ya kuoshwa, nikapanguza tundu kwa kitambaa na kuliacha juani hadi saa nne, ikapona.

Fundi wa mtaani ataiweza?

Nusu yake ataiweza vizuri sana. Breki, matairi, beringi, mnyororo na spoketi, taa, shoki: hivyo ni vya pikipiki yoyote. Fundi wangu wa siku zote aliizunguka mara mbili, akachuchumaa, akauliza, "Sasa mzee, oili inaingia wapi hapa?" Nilipomwambia hakuna, akacheka, kisha nikamwona akipiga hesabu ya mteja anayempoteza.

Nusu ya pili, yaani betri, kidhibiti cha mota na programu yake, hawezi, na usimruhusu ajaribu. Hapo unategemea aliyekuuzia. Mwezi wa 13 yangu ilianza kuzima ghafla skrini ikisoma 14. Seli za betri zilikuwa hazilingani, moja inaisha mapema na kuzivuta nyingine. Niliambiwa ni kazi ya siku mbili. Ilikaa huko siku 11 ikisubiri kifaa, mimi nikipanda matatu, na faida ya mwezi mzima ikaishia kwa makanga. Kabla ya kununua usiulize tu dhamana ni ya miaka mingapi. Uliza kama wana betri ya kukuazima yako ikiwa kwa fundi, na jibu liandikwe kwenye karatasi.

Inaweza kushika moto?

Betri ya lithiamu iliyopigwa, iliyofunguliwa au iliyochajiwa kwa chaja isiyo yake inaweza, na moto wake haukubali kuzimika haraka. Tumia chaja iliyokuja nayo. Usichajie chini ya ngazi wala mlangoni, maana hiyo ndiyo njia yenu ya kutokea. Ikivimba, ikitoa harufu au ikiwa moto isivyo kawaida, chomoa na uitoe nje.

Leseni, namba, bima?

Ni pikipiki mbele ya sheria. Inasajiliwa NTSA, mamlaka ya usafiri, inapata namba na kitabu cha umiliki kama nyingine yoyote, unahitaji leseni ya daraja A2 kwa matumizi yako binafsi (A3 ukibeba abiria au vifurushi kwa malipo), helmeti na jaketi la kuakisi. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima. Ile kubwa, inayolipia pikipiki yako yenyewe, uliza waziwazi kama betri imo ndani, kwa sababu ndiyo yenye pesa. Nairobi Expressway usijaribu. Pikipiki hairuhusiwi kule, iwe ya petroli au ya umeme.

Ninunue kwa mkopo wa kulipa kila siku?

Ukilipa kidogo kidogo kila siku unasahau unalipa ngapi kwa jumla. Zidisha mwenyewe: malipo ya siku mara siku zote, ongeza amana, kisha linganisha na bei ya taslimu. Jambo la pili, nyingi huwa na kifaa cha kuizima kwa mbali usipolipa. Ya jirani yangu ilizimwa asubuhi ya Jumatatu ingawa alikuwa amelipa Jumapili usiku. Malipo yalikuwa hayajasomeka kwenye mfumo wao. Alifika kazini saa tano. Jioni wakampigia kumwomba radhi, naye bado anasimulia.

Nikitaka kuiuza?

Soko lake bado ni dogo. Boxer iliyotumika utaiuza kabla ya jioni. Ya umeme mnunuzi atauliza hali ya betri na wewe huna karatasi ya kumwonyesha. Omba ripoti ya afya ya betri kila inapoenda huduma, uziweke.

Haina mlio. Watu watakusikiaje?

Hawakusikii. Stendi ya Kangemi watu huvuka kwa masikio kuliko macho, na mimi napita kama paka. Napunguza hadi mwendo wa baiskeli, taa imewaka mchana kutwa, honi kwa kidole gumba. Hata hivyo wiki iliyopita mzee mmoja aliruka kando, akashika kofia yake, akanitazama mimi kisha akaitazama pikipiki, akauliza, "Hii imezimika ama inaenda?"